Jinsi ya kushona suruali pana ya kiuno cha juu kama za Katharine Hepburn

Kabla hujagusa kitambaa, leta kiti kigumu. Mteja akae wima, nyayo zikiwa sakafuni, kisha upime ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Kiuno ninachosema ni pale mwili unapokunjika akiinama upande, juu ya kitovu kidogo. Ongeza inchi 1. Hicho ndicho kimo cha kiuno hadi pale mapaja yanapoachana, na mafundi wengi hapa Kisumu hukikisia kwa macho. Kikipungua, mwanamke hakai kwa raha kanisani wala ofisini, na hapo hujashona suruali ya Hepburn hata kama umeiga kila kitu kingine.

Hepburn, mwigizaji wa filamu wa Marekani, nampenda kwa sababu alivaa nguo za kufanyia kazi. Alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907, na mama yake alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Hollywood ya miaka ya 1930 ilitaka mwigizaji wa kike aonekane na gauni hata akiwa nje ya kamera, lakini yeye alifika kazini na suruali. Inasimuliwa kwamba studio ya RKO ilipomfichia suruali, alitembea humo studioni na nguo ya ndani mpaka akarudishiwa. Aliendelea hadi akapata tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kwa filamu ya 1933 na ya mwisho kwa ya 1981. Mwaka 1951 alikuwa jirani yetu kabisa, maana filamu yake *The African Queen* ilipigwa Kongo na Uganda, pamoja na Butiaba kwenye Ziwa Albert. Ila usitafute mfano wa kushona humo: anaigiza dada wa mmishonari, na gauni lake linafika miguuni. Tafuta picha zake akiwa nje ya seti, mikono mfukoni.

Kitambaa kinataka uzito wa kutosha kining'inie, lakini kipitishe hewa, kwa sababu jua la Kisumu la saa saba unalijua. Gabardini ya pamba ni nzuri, linini nzito pia. Suti ya polista isiyopumua mwachie anayeishi kwenye baridi ya Limuru. Chenye upana wa inchi 60, nunua mita mbili na nusu, ukiloweke na kukikausha kabla ya kukata. Ukiwa na pesa kidogo, pita soko la Kibuye uangalie suruali kubwa za wanaume za mtumba zenye marinda. Fumua moja taratibu uone ilivyokatwa. Utajifunza mengi kuliko kwa maneno yangu.

Tuseme kiuno ni inchi 30 na nyonga 42. Kipande cha mbele, kiunoni, ni robo ya 30, yaani 7½, ongeza 2½ za marinda mawili, kila moja inchi 1¼. Nyongani kiwe 11. Kipande cha nyuma kiunoni ni 8½, kwa kuwa inchi 1 inaliwa na dati, ule mkunjo mdogo unaoshonwa kubana kiuno, nyongani 11¼. Pale mapaja yanapoachana toa nje inchi 2½ mbele na 5 nyuma. Mshono wa katikati wa nyuma uinue inchi 1 kiunoni, la sivyo suruali itashuka kila akiinama. Vipimo hivi havina nafasi ya mshono, kwa hiyo iongeze unapokata.

Kutoka nyongani kwenda chini, kata moja kwa moja. Usiingize ndani magotini! Mkono wa fundi umezoea kubana, na mteja atakuambia punguza kidogo. Mkatalie kwa upole. Nina wateja walimu na wauguzi waliokuwa wanaogopa suruali kwa sababu ya mama mkwe, na hii wanaivaa hadi nyumbani kwake, kwa kuwa haichori mwili. Mzunguko wa pindo ninaoupenda ni inchi 24. Lakini kama anapanda bodaboda kila siku ishia 20, na umwambie akusanye mguu wa suruali mkononi kabla pikipiki haijaondoka. Gurudumu halina huruma na kitambaa kipana.

Kabla ya kuunganisha ubavu, piga pasi vipande vya mbele. Kunja kila kipande kwa urefu, tandaza kitambaa chenye unyevu juu yake, ukandamize mstari kutoka katikati ya pindo hadi kwenye rinda la kwanza. Ukisubiri mpaka suruali iishe kushonwa, mstari utapinda, na macho ya watu yataanzia hapo. Mifuko ya ubavuni iwe ya kweli na iingie kiganja kizima. Ukanda wa kiuno uwe na upana wa inchi 2, wenye stifu imara (kitambaa kigumu cha ndani), zipu mbele.

Pindo lipimwe mteja akiwa na viatu atakavyovaa nayo. Nyuma liguse juu ya kisigino. Likunje inchi 2 kamili, uzito huo ndio unaonyoosha mguu wa suruali, ulishone kwa mkono ili uzi usionekane nje.

Shati jeupe la kola, lililochomekwa, linatosha juu yake. Mikono ikunjwe hadi karibu na kiwiko. Ukiifua, ianike kivulini ikiwa imebanwa kwenye mapindo, kiuno kikiangalia chini: uzito wa ukanda utaivuta ikauke imenyooka, na pasi itakuwa kazi ndogo.