Kuanzisha kanisa jipya mtaani kwenu Moshi bila mbwembwe

Wapendwa, siku hizi ukizunguka Pasua, Msaranga au Bomambuzi unakuta maturubai ya ibada yanasimama, mengine ukipita mwakani hayapo. Ukiulizia unakuta mara nyingi hata hawakugombana kuhusu mafundisho, ni kodi ya ukumbi, deni la vyombo, sare za kwaya, watu wamechoka. Mimi ni mhazini wa kanisa dogo kwahiyo naongea zaidi upande wa daftari, ya madhabahuni waulizeni wachungaji.

Nianze na hili maana ndo linaamua mengine yote: kabla hamjaongeza kitu chochote, iwe spika, kwaya ya pili au kipindi cha Jumatano, jiulizeni nani atakihudumia na nani atakilipia mwakani. Kama jibu ni "Bwana atatenda" na hakuna jina la mtu, kiacheni kwanza.

Anzieni nyumbani kwa mtu, sebuleni au uani chini ya mwembe, siku moja ya wiki, saa ileile. Jumuiya za kusali nyumbani huku kwetu sio kitu kigeni, Walutheri wanasali jumuiya, Wakatoliki wanasali jumuiya, hamna haja ya kubuni utaratibu mpya. Chukueni kaya za karibu, wale mnaoazimana chumvi na mnaozikana, sio rafiki zako wa kazini wanaotoka mpaka Himo. Hata yule mmisionari Bruno Gutmann wa Old Moshi, aliyekuja enzi za Mjerumani, alijenga usharika wake juu ya ukoo, ujirani na rika, vitu ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari.

Sasa kuna kitu kinaua jumuiya kimyakimya nacho ni chakula. Wiki ya kwanza mwenye nyumba anatoa chai na mihogo, wiki ya pili mama mwingine anaona aibu anaongeza maandazi na mayai, ya tatu pilau na soda, ya nne zamu imefika kwa dada anayeuza nyanya Mbuyuni, anatuma meseji kwamba mtoto anaumwa. Hamna mtoto anayeumwa hapo jamani. Wiki inayofuata haji, na ile ya baadae haji pia. Wekeni sheria siku ya kwanza kabisa mkiwa bado mnacheka: chai ya rangi na kitu kimoja cha kutafuna, basi, na mwenye uwezo zaidi ampelekee mgonjwa siku nyingine.

Mkishakuwa wengi sebule haitoshi, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti na mtendaji wawajue kwa sura kabla hawajawajua kwa malalamiko. Kama mpo chini ya kanisa lenye usajili tayari, labda mtaa wa usharika, kigango au tawi, mnatembea na usajili wa kanisa mama, mchungaji au paroko anaandika barua ya kuwatambulisha. Kama mnasimama wenyewe inabidi mjisajili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko mtaulizwa katiba na viongozi. Maoni yangu, kama kuna kanisa mnakubaliana nalo imani ingieni chini yake, mtajiokolea safari nyingi. Wengi wanaokataa hili ukiwachunguza wanataka tu jina lao liwe kwenye kibao.

Sehemu ya kusalia, ombeni darasa la shule kwa Jumapili. Muandikiane na mwalimu mkuu, mkimaliza mnafagia, mnafuta ubao, madawati yanarudi yalivyokuwa. Viti mnavyo tayari, hata kama magoti yanagonga dawati.

Ibada yenyewe iwe moja na iwe na mwisho unaojulikana. Wa bodaboda Jumapili ndo siku yake ya hela, mama wa genge anatakiwa afungue, ukimwambia saa tatu mpaka saa tano atakuja, ukimwambia "mpaka Roho atakapotuachilia" atakuja mara mbili. Kinachokula muda mara nyingi wala sio mahubiri, ni matangazo. Yapelekeni kwenye grupu la WhatsApp, wenye vitochi wapigiwe na jirani, mbele yabaki yale ya msiba na ugonjwa tu.

Haya pesa. Huku kwenye makanisa yetu mtu mmoja anaweza kuwa na bahasha ya ahadi, bahasha ya ujenzi, fungu la kumi, shukrani, mavuno, mchango wa kwaya, alafu kikapu cha kawaida kinapita mbele yake. Kwa kanisa jipya vikapu viwili vinatosha, sadaka ya kawaida na cha tatu cha kusaidia watu, yaani msiba, ugonjwa, mwenye shida. Samahani, viwili, nimesema viwili, mnaona inavyozidi yenyewe.

Kuhesabu kuwe hivi: ibada ikiisha kikapu kinawekwa mezani palepale ndani, mlango wazi, watu watatu ambao sio ndugu na wala sio mke wa mchungaji. Mmoja anapanga noti, elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake, mpaka za elfu, mwingine anapanga sarafu mafungu ya elfu mojamoja, wa tatu anaandika. Anaandika kwa peni sio penseli, akikosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa anaandika pembeni, hamna kuchana karatasi. Wanasaini wote watatu ndo mhazini anapokea, kesho yake inaenda benki kwenye akaunti yenye jina la kanisa. Namba ya simu ya mtu binafsi isitangazwe kwa sadaka hata kama ni mtakatifu, chukueni lipa namba ya kanisa. Jumapili inayofuata msomeeni watu kilichoingia na kilichotoka, hata kama kilichotoka ni fagio. Ukiwasomea fagio, siku ukisema tunahitaji mabati watakuamini.

Mnada wa sadaka msiuache ila usizidi robo saa. Mkungu wa ndizi unaanzia elfu tatu, mzee mmoja anapandisha mpaka elfu kumi, akishaushika anasema urudi, unanadiwa tena, mwisho mtu anaununua anasema apelekewe bibi fulani anayeishi peke yake, na bibi amekaa palepale anajifanya hasikii. Asiye na hela kaleta trei ya mayai au parachichi na katoa kama wengine. Hela ya mnada iingie daftari lilelile.

Vyombo sasa, hapa najua nitachukiwa. Watu arobaini kwenye darasa hawahitaji spika. Ngoma, kayamba na makofi vinatosha, na waimbaji wanajifunza kusikilizana. Ukinunua spika utahitaji amplifaya, ukinunua amplifaya utahitaji kijana wa kuendesha, kijana atataka nauli, siku umeme umekatika mtaanza kuongelea jenereta. Alafu mnasali katikati ya majirani, wengine Waislamu, wengine wametoka zamu ya usiku, wengine Wakristo kama nyie ila wana mtoto mchanga. NEMC, watu wa serikali wa mazingira, wanashughulikia malalamiko ya kelele na nyumba za ibada hazijasamehewa. Mkesha kama lazima uwepo, fanyeni bila kipaza sauti, Mungu anasikia na jirani analala.

Darasa likijaa kwa kweli, sio kwa matumaini, ndo mfikirie banda. Na idadi msihesabu Desemba, mwezi ule Moshi inadanganya. Ndugu wanarudi kutoka Dar na Arusha, wengine wanapita kwenu Jumapili moja kusalimia, na wenyeji wenu nao wanapanda mlimani kwenye sharika za kwao walikobatizwa, ambako bado wanatoa ahadi. Hesabuni Februari na tena mwezi wa nne mvua ikiwa inapiga, waliokuja na matope miguuni ndo kanisa lenu, jengeni kwa hao.

Banda liwe nguzo za miti, mabati juu, kuta nusu au wazi kabisa. Sakafu muinue kwa kifusi kwanza, huku chini tambarare masika maji yanatuama. Mvua ikipiga bati hamna mhubiri atakayesikika, msimpe maiki, imbeni tu mpaka ipungue. Wekeni milango miwili mipana, pande tofauti, inayofunguka kwenda nje, na mlango wa pili usigeuzwe kuwa stoo ya viti. Februari 1, 2020 hapahapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nyie hamna umati ule, lakini siku ya harusi au ya mgeni mkubwa banda linajaa na wazee wanakaa mbele mbali na mlango. Na kitu chochote kitakachofanya watu wote wakimbilie sehemu moja kwa wakati mmoja msikiweke kwenye ibada.

Kiwanja nimekiacha mwisho maana ndo kinavunja makanisa. Kabla hamjalipa ulizeni ofisi ya ardhi manispaa kile kiwanja kimepangiwa matumizi gani, wengi wananunua cha makazi alafu wanashangaa kibali cha ujenzi hakitoki. Kisiandikwe jina la mchungaji, wala la mzee aliyetoa hela nyingi, hata kama wote ni watu wema, maana wao wakifa watoto wao hawakukaa kwenye vikao vyenu. Kiandikwe jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, au ya kanisa mama kama mpo chini yake. Kama bodi bado haipo endeleeni na darasa la shule, na muuzaji akiwaambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela mkononi, mwacheni amuuzie.