Kupiga picha tembo wekundu wa Tsavo bila kuwaharibu rangi

Tembo wa Tsavo Mashariki, ile mbuga ya Kenya, ngozi yao ni ya kijivu kama ya tembo wengine, ule wekundu ni udongo wanaojimwagia na kugaagaa ndani yake kila siku. Sasa picha nyingi nazoona, tembo ametoka rangi ya chungwa ama amekuwa kijivu kabisa, na inaniuma manake mtu amesafiri mpaka Voi akarudi na tembo ambaye hayuko. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: toa waiti balansi, yaani ile seti ya kamera inayosawazisha rangi kulingana na mwanga, kwenye oto. Hapa ndipo picha nyingi zinaharibikia. Oto ikiona fremu imejaa wekundu inadhani kuna kosa, inaanza kuongeza ubluu, halafu ukizumu nje majani yakaingia inabadilisha tena, tembo ni yule yule lakini picha tatu zina rangi tatu. Weka alama ya jua ama Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5200 hadi 5500 na uiache hapo asubuhi nzima, ule udhahabu wa jua likichomoza ubaki ulivyo. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, manake JPEG ya kawaida ikishakosea rangi kuirudisha ni taabu.

Hatua ya 2: jua liko wapi? Geti la Voi likifunguliwa alfajiri wengi wanakimbilia bwawa la Aruba, na Aruba iko mashariki, kwa hivyo jua linakupiga usoni njia nzima. Mkikuta kundi kando ya barabara msisimame hapo, mwombe dereva apite taratibu, mbele kidogo asimame, mgeuke mtazame mlikotoka. Jua likikuangukia begani ni bora kuliko mgongoni, vile vivuli vidogo vinatoa mikunjo yote ya ngozi. Kuanzia kama saa nne waache walio mbali, ardhi imepata moto, hewa inatetemeka, na hata lenzi ya bei gani haitakupa picha kali.

Hatua ya 3: shuka kutoka kwenye paa la gari, kaa kwenye kiti. Ukipiga kutoka juu tembo anakuwa mfupi na nyuma yake ni udongo mtupu, lakini dirishani miguu inasimama kama nguzo na mgongo unafika angani. Mfuko wa mchele wa kilo 2 juu ya mlango unashika lenzi vizuri sana, injini izimwe.

Hatua ya 4: kupanga picha. Acha nafasi upande anakoelekea, usikate nyayo wala ncha ya mkonga. Ukiwa karibu na barabara kuu ya Mombasa chunga nyaya za umeme na reli ya SGR zisitokeze nyuma ya kichwa. Halafu subiri jamani, mtoto akijificha nyuma ya mama hatua mbili tu atatokea. Shata, yaani kasi ya kupiga, ya 1/500 ya sekunde inatosha kwa anayetembea, wakianza kujirushia vumbi panda 1/1600, na hapo tu ndipo napiga nikiwa nimeelekea jua, vumbi linawaka lenyewe.

Hatua ya 5: kuediti. Saturesheni, ule ukolezo wa rangi, siigusi. Namtafuta yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata miguu ya tembo, na naangalia bawa lake, sio kichwa wala kifua manake msimu wa kuzaana huwa na rangi ya kaki. Kwenye picha za jua limeshapanda, bawa likianza kuwa la manjano ujue umezidisha umanjano wa picha, rudi nyuma. Kama hakuna yangeyange angalia pembe, ila pembe sio nyeupe pee, ina rangi ya krimu na madoa ya udongo.

Na ukimpata aliyetoka bwawani akiwa amelowa mpaka tumboni, chini atakuwa kahawia nzito, mgongoni bado tofali kavu, na katikati kuna mstari kabisa. Usiusawazishe huo, ndivyo alivyo.