SOMO: VAT ya Dubai unairudishaje, na ushuru wa Dar unakusubiri wapi

Wadau, wengi tunachanganya mambo mawili. Dubai wanakurudishia kodi yao kwa sababu mzigo unatoka kwao. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hilo haliwahusu. Hesabu yao inaanza ukishatua.

1. Dukani. Uliza kwanza kama duka limo kwenye mpango wa kuwarudishia watalii VAT, unaoendeshwa na kampuni ya Planet. Manunuzi yafike dirham 250, uwe na miaka 18 kwenda juu, usiwe mkaazi wa Emirates. Toa pasipoti kabla risiti haijatoka. Ukikumbuka kesho yake, mtaanza kubembelezana.

2. Uwanja wa ndege. Hapa ndipo watu tunapoliwa. Nenda kwenye mashine ya Planet KABLA ya kukabidhi mabegi. Unaskani pasipoti, na ukielekezwa kwa ofisa, atataka kuuona mzigo wenyewe. Safari yangu ya kwanza begi lilishapita kwenye mkanda na viatu vyote ndani, nikabaki nimeshika risiti kama tiketi ya basi lililoondoka. Muda ni siku 90 tangu ununue.

3. Unapata ngapi? Mkoba wa dirham 1,050 una VAT ya 50 ndani yake, maana kodi yao ni 5%. Wanarudisha 85% ya hiyo, yaani 42.50, halafu wanakata 4.80 ya huduma. Unaondoka na 37.70. Makato ni kwa kila muamala, kwa hiyo duka moja, risiti moja.

4. Dar. Nguo ulizokuwa ukivaa safarini hazina shida. Bila ushuru, pombe kali mwisho lita moja, manukato yote jumla nusu lita. Vya kuuza havimo kwenye msamaha hata uvibebe mgongoni: pita njia nyekundu ya forodha, utangaze. Mfano, mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000 pamoja na usafiri, ulio kundi la 25%: ushuru 250,000. VAT ya 18% inapigwa juu ya 1,250,000, sio juu ya milioni, ni 225,000. Tayari 475,000, na tozo ndogondogo bado.

MASWALI

*Dada, mzigo nimetuma kwa kago kutoka Deira. Narudishiwa?*
Kwa mpango huu hapana. Lazima utoke nao mwenyewe.

*Hoteli na misosi je?*
Havimo. Ni bidhaa tu, tena usizozitumia kulekule.

*Nikichana lebo na kutupa maboksi, si vinakuwa vyangu?*
Abaya 12 za saizi sita, ndugu yangu, zote unavaa wewe? Risiti tunza. Ukikosa ya kuonyesha, ofisa anakadiria bei mwenyewe, na sijawahi kuona akikadiria chini.

*Nasafiri na wanangu wawili wa shule ya msingi. Niandikishe risiti nyingine kwa pasipoti zao?*
Miaka 18, mama. Hata wakiwa wamebeba wao.