Kishikio cha tochi ya kuzamia kwa kipande cha bomba: mwongozo wa hatua kwa hatua

Tochi ya kuzamia ikishikwa kwa vidole inakula mkono mzima. Ukitaka kubonyeza kitufe cha jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa, lazima kwanza uihamishie upande wa pili. Ukitaka kusoma geji ya hewa, taa inaangalia kwingine. Wengi wanaishia kuiachia ining'inie kwenye kamba ya kifundo cha mkono, na hapo mwanga unazunguka ovyo na kuwapiga wenzao machoni. Dawa yake ni kishikio kinachokaa juu ya mgongo wa kiganja: mwanga unafuata mkono unakoelekea, na vidole vyote vitano vinabaki na kazi zake.

Vya dukani vipo, vingi vya alumini, na ni vizuri. Ila huku pwani kuvipata ni mpaka uagize nje. Hiki ninachoeleza kinatoka kwenye kipande cha bomba la maji, na vitu vyake vyote utavikuta Darajani kule Unguja, au Kariakoo kama uko Dar, au kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kinafaa kwa tochi iliyonyooka yenye betri ndani yake. Tochi zenye mpini wa bastola, au zile za betri ya kiunoni na waya, zinataka muundo mwingine.

Katika kazi nzima shika masharti mawili: vidole viwe huru, na kishikio kivulike kwa mvuto mmoja wa mkono wa pili. Jambo lolote litakalovunja mojawapo liache, hata kama linapendeza.

Vya kutafuta

Kipande cha bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 15 kinatosha. Chukua bomba la maji ya presha, si lile jepesi la maji taka. Ukuta wake uwe wa milimita 3 au zaidi. Klipu mbili za kukaza kwa bisibisi, zile ambazo mafundi magari hufungia mipira ya rejeta. Tyubu kuukuu ya baiskeli. Kamba ya mpira yenye ganda la nyuzi, unene wa milimita 5, kama mita moja na nusu. Kipande cha suti ya kuzamia iliyochakaa. Gundi ya PVC, msumeno wa chuma, drili, tupa na msasa.

Kwenye klipu nenda na sumaku mfukoni. Klipu nyingi zinauzwa kwa jina la chuma cha pua, lakini ni ukanda tu usioshika kutu. Skrubu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Weka sumaku kwenye ukanda, kisha kwenye skrubu yenyewe. Ikinasa kwa nguvu, rudisha. Skrubu hiyo ikikaa kwenye maji ya chumvi itaganda kwa kutu, na siku ya kubadilisha tochi utaikata kwa msumeno. Ukibahatika kupata klipu zilizopigwa chapa ya A4 au 316, nunua hata kama bei imepanda kidogo, kwa sababu hicho ndicho chuma cha pua kinachovumilia bahari kuliko 304 ya kawaida.

Hatua ya 1: Kata bamba

Bamba ni kipande cha bomba kitakachokaa juu ya mgongo wa mkono na kubeba tochi. Weka mkono mezani, kiganja chini. Pima kutoka nyuma kidogo ya vifundo vya vidole mpaka kabla ya kifundo cha mkono kuanza kukunjika. Kwa watu wengi ni kama sentimita 8. Upana chukua sentimita 9. Chora vipimo hivyo juu ya bomba, urefu ukifuata urefu wa bomba na upana ukifuata mzunguko wake, halafu kata. Bamba lisifike kwenye vifundo vya vidole. Likifika, hutaweza kukunja ngumi, na baada ya nusu saa majini ngozi itakuwa imechubuka. Zungusha pembe nne kwa tupa, kisha piga msasa kingo zote mpaka ukipitisha kidole usihisi kitu.

Hatua ya 2: Lifungue mviringo wake

Mviringo wa bomba la inchi 4 umebana kuliko mgongo wa mkono. Chemsha maji, ipua, zamisha bamba kwa dakika mbili tatu mpaka lilegee. Vaa glovu nene, lilaze juu ya kopo la rangi la lita 4, libane kwa kitambaa na ulimwagie maji baridi likiwa hapo hapo. Likiwa bado gumu, rudia. Usilijaribishe mkononi likiwa la moto, na usitumie moto wa wazi wala mkaa: PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu.

Hatua ya 3: Tafuta uelekeo kabla ya kutoboa

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama utakipenda kishikio chako au utakitupa. Vaa suti, lala kifudifudi juu ya benchi, nyoosha mikono mbele kama unavyoogelea, viwiko vimekunjwa kidogo. Mwambie mtu akushikizie tochi juu ya bamba na aiwashe ukutani. Utaona kwamba ukiwa umetulia, mikono huelekea ndani, kwa hiyo tochi iliyofuata mstari wa kidole cha kati itamulika mbele ya mkono mwingine badala ya njia yako. Igeuze polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho mpaka duara la mwanga likae mbele ya macho yako bila kulazimisha kifundo cha mkono. Mara nyingi ni digrii 10 hivi. Chora mstari wa penseli hapo hapo.

Mimi nashauri mkono wa kushoto. Wa kulia unabaki tayari kumpa mwenzako regyuleta (kifaa cha kupumulia) ya akiba, na kazi hiyo haitaki kizuizi chochote. Kitufe cha jaketi kiko kushoto, ni kweli, lakini vidole viko huru, kwa hiyo hakuna tatizo. Angalia tu kwamba unapoinua mkono kutoa hewa, mwanga unapanda nao. Uelekeze kifuani kwako usije ukawapofusha walio juu.

Hatua ya 4: Reli na matundu ya klipu

Kutoka kwenye bomba lililobaki kata vipande viwili vyembamba, upana wa sentimita 1, urefu wa sentimita 7. Hizi ni reli za kuizuia tochi isibiringike. Zipange pande mbili za mstari wako, tochi ikiwa katikati imeshavikwa tyubu ya baiskeli. Kwaruza sehemu za kugusana kwa msasa, paka gundi ya PVC nje penye upepo, bana, uache mpaka kesho yake.

Kisha toboa nafasi nne za kupitisha ukanda wa klipu, mbili kila upande, nje ya reli. Piga matundu matatu madogo kwa mstari, yaunganishe kwa tupa. Ukanda utapita chini ya bamba na kurudi juu kuikumbatia tochi.

Zikae wapi? Juu ya mwili wa tochi tu. Klipu isikanyage mahali kifuniko cha betri kinapoungana na mwili, wala kichwa kinapoungana. Ndani ya maungio hayo kuna oringi, yaani pete za mpira zinazozuia maji. Ukibana juu yake unapinda uzi wa kufungia kifuniko, na ukikaza au kulegeza unaweza kukizungusha kifuniko bila kujua. Kama tochi yako ina tundu la kutolea presha, liache wazi. Acha pia nafasi ya kufungua kifuniko tochi ikiwa imefungwa, ili kubadilisha betri kusikulazimishe kuvunja kazi yote.

Tyubu kati ya klipu na tochi si urembo. Mwili wa tochi ni alumini, klipu ni chuma cha pua, na viwili hivyo vikigusana kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa, hasa pale rangi yake ilipokwaruzika. Lakini usikivike kichwa cha tochi. Taa za LED hutoa joto kwa nyuma, na maji ndiyo yanayozipoza. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiache ikiwaka muda mrefu ndani ya boti.

Hatua ya 5: Kamba za mkono

Toboa tundu la milimita 6 karibu na kila pembe, ulainishe kingo zake zisikate nyuzi. Pitisha kamba mbili: ya mbele ipite kiganjani chini kidogo ya mashina ya vidole, ya nyuma ipite nyuma ya dole gumba. Dole gumba likiwa kati ya kamba mbili, bamba halizunguki. Fundo likae juu ya bamba, si kiganjani. Choma ncha kwa kiberiti zisifumuke.

Wengine hupenda mkanda wa kunata na kubanduka (velkro). Mimi sipendi, na sababu iko kwenye kina. Gundisha chini ya bamba kipande cha suti, kwa gundi ya viatu, kifunike kanda za klipu zisiguse ngozi. Mpira huo umejaa vipovu vya gesi. Ukifika mita 10 presha ni mara mbili ya juu, na vipovu hivyo husinyaa kufikia kama nusu. Glovu yako, kama umevaa, nayo husinyaa. Mkanda uliokazwa ukiwa kwenye boti utalegea huko chini. Kamba ya mpira inajirekebisha yenyewe. Ikaze kiasi cha kuhisi imeshika tu. Vidole vikianza kufa ganzi, imezidi.

Mwisho ongeza kamba ya usalama: uzi wa nailoni kutoka kwenye tundu la nyuma hadi klipu ya kujifunga iliyo kwenye jaketi. Uwe uzi unaokatika kwa kisu, kamwe si waya wa chuma. PVC ni nzito kuliko maji, kwa hiyo kishikio kikiponyoka kinazama na tochi yako.

Hatua ya 6: Jaribio

Anza na ndoo, kisha maji ya kina cha kifua mchana. Ukiwa umefumba macho, kivue na ukivae, mkono huu na ule. Bonyeza kitufe cha jaketi, vua na rudisha regyuleta, safisha maski, kunja ngumi. Zoea ishara pamoja na mwenzako: duara la polepole juu ya mchanga ni salama, kupepea mwanga haraka kushoto na kulia, kwa upana, ni tatizo. Zote mbili hutaka kiganja kilichotulia, kwa sababu mwanga unaotikisika ovyo wakati wote huificha ishara ya hatari siku itakapohitajika.

Kwenye mwamba tumia ukingo wa mwanga badala ya kitovu chake. Usiku pono wamelala, mkunga na pweza ndio wako kazini, na kitovu cha taa kali huwavuruga wote.

Ukipanda juu, loweka kishikio kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, tochi ikiwa bado imefungwa na kifuniko kimekazwa. Kila baada ya muda fungua klipu, toa mchanga chini ya tyubu, angalia alumini kama ina madoa meupe. Kamba ya mpira ikianza kuonyesha nyuzi nyeupe kwenye tundu, badilisha kabla ya kuzamia tena.