Kwenda mafungo ya miito huku moyo unavutwa na ndoa: mambo ya kuzingatia kabla

Kila mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka inapokaribia, tangazo husomwa baada ya Komunyo: vijana wanaotaka kwenda mafungo ya miito, yaani siku za sala na ukimya za kutafuta Mungu anawaitia maisha gani, wajiandikishe kwa katekista. Na kila mwaka kuna kijana anayebaki kwenye benchi la nyuma. Anatamani kwenda, lakini ana mchumba; au hana mchumba, ila akifumba macho anajiona ndani ya nyumba yenye watoto. Mimi nilikuwa huyo, katika parokia moja ya Kampala yenye Misa ya Kiswahili. Nilikwenda, na nilikwenda vibaya, kwa sababu sikusema ukweli. Haya ndiyo ninayotamani ningeyajua kabla ya kupanda taksi.

Kwanza ulizia ni mafungo ya aina gani. Yapo ya "njoo uone", ambayo shirika la watawa au seminari huwaita wale wanaofikiria kujiunga nao. Nafasi ni chache, na posho na maharage vimepimwa kwa idadi hiyo. Yapo pia ya jimbo au parokia, ambayo huzungumzia miito yote, ndoa ikiwamo. Usikisie. Mwendee mkurugenzi wa miito, yaani padre anayesimamia mambo hayo, au mpigie, umwambie waziwazi: "Padre, mimi navutwa na ndoa, lakini nataka kumsikiliza Mungu. Nije?" Akikwambia usubiri mafungo mengine, hajakufukuza. Amekuepusha kukaa siku tatu kwenye kiti ambacho mwenzako alikihitaji.

Kisha kuna fomu. Fomu na barua ya paroko huomba mambo ya kawaida: ubatizo, kipaimara, masomo, afya. Yangu iliuliza pia kama nina uhusiano wa uchumba. Niliandika "hapana", nikidhani nikisema ndiyo nitaonekana sina imani ya kutosha. Jumamosi jioni sista mmoja aliketi nami chini ya mfenesi, akaniuliza: "Mwanangu, ukisali peke yako, ni nani huja akilini?" Nililia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa siku mbili alikuwa akimshauri msichana ambaye hayupo. Neno hilo sijalisahau. Kama una mchumba, sema. Kama una mtoto, au uliwahi kuishi na mtu, sema mapema zaidi, maana sheria za Kanisa zina la kusema kuhusu hali hizo, na ni heri ulisikie ofisini kwa paroko kuliko katikati ya mafungo.

Wengine hawaendi kwa hofu kwamba watarudi wamefungwa. Hofu hiyo iweke chini. Kanuni ya 219 ya Sheria za Kanisa inampa kila mwamini haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kushurutishwa na yeyote. Na njia ya utawa ni ndefu: unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, hauwezi kupungua miezi 12, na baada yake nadhiri za muda huchukua si chini ya miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima. Wikendi moja haimfanyi mtu sista wala bruda. Inakupa kimya tu, na kimya ni adimu kweli kwa kijana anayelala Kisenyi au Katwe, mitaa ya Kampala iliyosongamana.

Sasa lile ninalolishikilia zaidi. Usiende ukiamini kwamba ndoa ni mabaki, yaani kile wanachopewa walioshindwa upadre au utawa. Mtakatifu Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kila mtu ana karama yake kutoka kwa Mungu, huyu hivi na huyu vile. Na sisi Uganda hatuna haja ya kutafuta mbali. Tunapoimba Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tunawakumbuka pia watu wa ndoa. Andrea Kaggwa, aliyeuawa Munyonyo mwaka 1886, alikuwa na mke. Matia Mulumba Kalemba alikuwa na wake kadhaa alipoanza kujifunza dini; akabaki na mmoja, akaishi naye Kikristo hadi alipouawa Kampala ya Kale mwaka huohuo. Walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2015, Kanisa liliwatangaza mume na mke Wafaransa, Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Wote wawili walikuwa wamebisha mlango wa utawa wakakataliwa. Louis kwa sababu hakujua Kilatini. Wakaoana mwaka 1858. Ukienda mafungo, nenda ukiwakumbuka hawa, ili mhubiri akisifia useja usijione mdogo.

Ila lichunguze hilo linalokuvuta. Wiki moja kabla, chukua daftari uandike bila kupamba: nataka ndoa, au nataka kumridhisha mama anayesubiri wajukuu? Nampenda mtu huyu, au nimechoka kuhudhuria kwanjula za marafiki, sherehe za Kiganda za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, nikiwa nimekaa upande wa wageni? Kinyume chake pia kipo: mtu aliyeumizwa na mchumba huona konventi, nyumba ya watawa, kama kimbilio. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alifundisha kwamba wakati roho iko katika ukiwa, yaani huzuni na ukavu wa ndani, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Ndiyo maana kama mmegombana juzi tu, au tarehe ya kwanjula imeshapangwa na mbuzi wameshanunuliwa, mimi ningekushauri kwanza uonane na padre unayeungama kwake.

Mizigo haina mengi. Biblia, rozari, daftari hilo, shuka, neti, sweta kama ni upande wa Kabale kwenye baridi, dawa zako, na nauli ya kurudi uliyoiweka mbali na mchango.

Nyumbani waeleze mapema, maana baba akisikia "mafungo ya miito" huenda jioni hiyohiyo akawatangazia majirani kwamba amepata padre. Waombe wasikuulize jibu mlangoni siku ya kurudi. Wakupe wiki mbili.

Na mchumba wako asisikie kwa wengine. Mimi wangu alisikia kwa katekista, na ilinichukua muda kumponya jeraha hilo, ingawa leo ni baba wa watoto wangu. Mweleze ana kwa ana unakwenda kutafuta nini. Simu nyingi hukusanywa siku ya kwanza, kwa hiyo mwambie siku na saa utakayompigia, halafu uizime mwenyewe kabla hujaombwa.