Nyama za puani zimerudi: namna ya kuuendea upasuaji wa pili

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, na pilau huwa naliongoza kwa pua kabla ya jicho. Nyama za puani, yaani vivimbe laini vinavyoota kwenye utando wa ndani ya pua, ziliporudi baada ya upasuaji wa kwanza, kilichonitesa zaidi ya mafua na kichwa kizito ni kusimama mbele ya sufuria nisisikie harufu yoyote. Kwa hiyo namwandikia mwenzangu aliyeambiwa "inabidi turudie".

Usikubali wala usikatae siku hiyohiyo. Isipokuwa jicho limevimba, unaona viwili, au kuna homa kali na shingo imekakamaa, ugonjwa huu unakupa nafasi ya kuuliza. Na swali la kwanza ni hili: kwa nini zimerudi?

Huenda kazi ya mwanzo haikufika mwisho. Zilikatwa nyama zinazoonekana tu, vijichumba vya mfupa vilivyo kati ya pua na jicho (sehemu ya sainasi) vikabaki vimefungwa. Au kovu limeota likaziba mlango uliokuwa umefunguliwa. Hapo kisu kina kazi ya kufanya. Au milango iko wazi kabisa, ila utando wa ndani wenyewe ndio hautaki kuacha kuvimba. Huyo anahitaji dawa zaidi ya kisu. Wengi wetu tuna yote mawili, na daktari wa masikio, pua na koo aliyekuchungulia kwa kamera anapaswa kukueleza lipi limezidi.

Ili akueleze vizuri, mpelekee karatasi: ripoti ya upasuaji uliopita (iombe kwa maandishi pale ulipofanyiwa), majibu ya maabara ya kile kinyama kilichotolewa, na picha zako za CT za zamani. Bado utapigwa CT mpya, usinung'unike. Alama ambazo mpasuaji huzifuata ndani ya pua zinaweza kuwa zilikatwa mara ya kwanza, na ukuta unaotenga pua na jicho ni mwembamba mno, na juu ya dari yake ndipo ubongo ulipo. Baadhi ya hospitali zina mtambo unaoonyesha kwenye skrini ncha ya chombo imefika wapi juu ya picha ya CT. Uliza kama upo. Uliza pia, kwa adabu lakini bila kuona haya, kama daktari huyo ana mazoea na pua zilizokwisha kupasuliwa.

Kama nyama ziko upande mmoja tu, shikilia kinyama kipimwe maabara. Ugonjwa huu kwa kawaida hushika pande zote mbili. Upande mmoja unaweza kuwa uvimbe wa aina nyingine.

Wenye pumu, hapa tulieni nami. Kumbuka: uliwahi kutumia aspirini, Brufen au diklofenaki, na ndani ya saa chache kifua kikabana au pua ikaziba ghafla? Mimi ni wa kundi hilo, na nyama zetu ni mabingwa wa kurudi. Mwambie mpasuaji, mwambie na anayetoa nusukaputi, na hakikisha imeandikwa kwenye faili, maana baada ya upasuaji muuguzi wa zamu akiona unaumwa anaweza kukuchoma diklofenaki kwa nia njema kabisa. Pumu yenyewe iwe imetulia kabla ya siku hiyo, na pampu yako nenda nayo.

Huenda ukapewa vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, siku chache kabla ili nyama zinywee na damu ipungue. Mwenye sukari, presha, vidonda vya tumbo au presha ya macho aseme mapema. Dawa za kuifanya damu iwe nyepesi usiziache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia. Vidonge vya kitunguu saumu na mitishamba mingine navyo vitaje, hata kama daktari hakuuliza.

Sasa pesa. Watu huuliza bei ya upasuaji wakasahau ya baada yake: kurudi kliniki kusafishwa magamba na damu iliyoganda, dawa ya kupuliza puani mwezi baada ya mwezi, nauli. Maoni yangu, na najua wapo watakaonikasirikia: kama una pesa ya kisu tu na huna ya dawa, ngoja kwanza ujipange. Upasuaji huu unafungua njia ili dawa ifike ndani, kwa hiyo ukiuacha mtupu unarudi ulikotoka. Zipo pia sindano kama dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa nyama za puani mwaka 2019, lakini bei yake kwa wengi wetu ni ya kusikia tu.

Kuosha pua ndiko kazi yako mwenyewe. Daktari akisharuhusu, chemsha maji yatokote dakika moja nzima. Anayeishi zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Limuru kule Kenya, achemshe dakika tatu. Yaache yawe vuguvugu. Ya bombani au kisimani usitie puani hivihivi, kwa sababu kuna amiba iitwayo Naegleria fowleri ambayo ni nadra lakini ikipanda ubongoni huua. Robo lita ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kisawazishwe. Chumvi yenye madini joto ikikuwasha, nunua maji ya chumvi ya asilimia 0.9 duka la dawa.

Inama juu ya sinki, achama, pumulia mdomoni, binya chupa ya kuoshea pua taratibu: nusu tundu hili, nusu lile. Usipenge kwa nguvu. Baadaye puliza dawa yako: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ielekee upande wa sikio, sio ukuta wa kati, ambao ukipigwa kila siku hutoka damu. Daktari wako anaweza pia kukuandikia budesonaidi, nayo ni steroidi, ya kuchanganya kwenye maji ya kuoshea. Chupa ioshwe na ikaushwe kila mara.

Wiki za mwanzo lala kichwa kikiwa juu, piga chafya mdomo wazi, na masufuria wabebe wengine. Tunaoswali, muulize daktari kuhusu kusujudu na kupandisha maji puani wakati wa kutawadha. Mimi niliswali nimekaa kwenye kiti mpaka nilipopewa ruhusa. Usipande ndege bila kumuuliza.

Matone ya damu na makamasi mazito ni ya kawaida. Maji maangavu yasiyo na rangi yanayochuruzika tundu moja ukiinama, yenye ladha ya chumvi, si ya kawaida. Vivyo hivyo damu isiyokatika, jicho kuvimba au kuona vibaya, kichwa kuuma sana pamoja na homa. Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki. Beba karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, na ukifika mapokezi neno lako la kwanza liwe kwamba umepasuliwa sainasi na ni lini, usije ukapangiwa foleni ya mafua.