Kuiweka sawa shotigani ya slagi kabla ya kuwinda: nilichomwelekeza mpwa wangu wa Ohio

Mpwa wangu kakulia hapa Sakina, Arusha, siku hizi anaishi Ohio kule Marekani, na mwaka jana kanunua shotigani akawinde kulungu. Kulungu wa kwao lakini, wale wenye mkia mweupe na pembe za matawi, sisi huku hatunao kabisa, swala na pongo wetu pembe zikishaota ndo zimeota ila wale wa kwao zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Sasa usiku nimeshapanda kitandani, saa nne, kwao saa nane mchana, simu inaita, "Anko hii bunduki mbovu, inapiga popote inapotaka." Mimi nimefanya kazi kambi za uwindaji miaka mingi na hiyo kauli nimeisikia kwa wageni mpaka basi, na mara nyingi bunduki ni nzima, kasoro iko kwa mwenyewe au kwenye risasi alizonunua. Nikamwambia asiguse kitu, asubiri nimpe mpango wa kuiweka sawa, yaani ipige palepale anapolenga. Nauandika na hapa maana najua wapo vijana wetu wengi huko wanaoanza.

Kwanza tuelewane slagi ni nini. Shotigani tuliyoizoea inapiga marisau, vile vipunje vingi vya kanga na kwale. Slagi ni donge moja tu la risasi, kwa bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) la kawaida lina kama gramu 28, unene karibu milimita 18, yaani likimfikia mnyama vizuri hakuna mjadala. Huko Ohio kwa miaka mingi raifo, zile bunduki za masafa marefu, hazikuruhusiwa kwa kulungu, nchi tambarare, mashamba na nyumba za watu kila upande, na slagi inachoka haraka kuliko risasi ya raifo. Tangu 2014 wameruhusu baadhi ya raifo lakini watu kibao wamebaki na shotigani zao. Kuchoka haraka sio kwamba haifiki mbali, ikikosa kizuizi inavuka nusu kilomita, kwahiyo nyuma ya tageti lazima pawe na tuta la udongo la maana, na ufanyie kwenye renji, uwanja wa shabaha, inayotambulika sio nyuma ya nyumba. Na wa huku msije mkasoma hapa mkaingia porini, bunduki bila leseni ya polisi ni kesi, kuwinda bila kibali ni kesi nyingine juu yake.

Haya. Kabla ya kununua risasi hakikisha bunduki haina kitu ndani, hakikisha tena, alafu fungua mtutu umulike kwa tochi. Kama ndani ni laini kama bomba, unataka slagi zile zenye mikunjo ya mshazari ubavuni. Watu wanadhani ile mikunjo ndo inazungusha slagi hewani, hapana, kazi yake kubwa ni kuiwezesha ibanwe ipite kwenye choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu, bila shida, na slagi inanyooka kwa sababu uzito umekaa mbele, nyuma iko wazi. Kwa mtutu wa hivi weka choki iliyo wazi, ile ya kubana sana achana nayo. Kama mtutu una mifereji ya kuzunguka ndani kama raifo, hapo ndo zile slagi ndogo zilizovalishwa gamba la plastiki zina maana. Mpwa wangu alikuwa na mtutu laini kanunua za gamba la plastiki, ghali kweli, eti ndo bora kuliko zote! Bila mifereji hakuna cha kuizungusha ile slagi, inayumba tu hewani, hela imeenda.

Nunua aina mbili tatu tofauti, pakiti mojamoja. Kila mtutu una slagi unayoipenda na huwezi kujua mpaka upige, bunduki mbili zimetoka kiwanda kimoja siku moja na bado kila moja inachagua chakula chake.

Kukaza sasa, hapa ndo niliikuta kasoro yake nyingine. Nilimwambia anirekodie video akiutikisa mtutu taratibu, nikaona unacheza. Kwenye shotigani nyingi za kuvuta kwa mkono kuna nati kubwa mbele ya mrija wa risasi, ndiyo inashika mtutu, ikilegea hata nusu mzunguko kila risasi inaenda kwake. Kaza ile, kaza skurubu zote za skopu, ile darubini ya kulengea, na kama unanunua mtutu mpya tafuta wenye kikono cha skopu kilichoungwa kwenye mtutu wenyewe, hapo mtutu ukicheza kidogo skopu inacheza nao. Skopu ikae mbali na jicho, inchi 3 na nusu au 4 hivi. Mimi nina kovu juu ya nyusi la kushoto, nalenga kwa jicho la kushoto, nilikuwa najifanya najua, skopu ikanirudia nikatoka damu mbele ya mgeni aliyelipa hela nyingi.

Renji: kaa kwenye benchi, vaa miwani na vya kuziba masikio, bunduki ilale kwenye mifuko ya mchanga. Usinunue mifuko, chukua suruali ya jinzi iliyochoka, kata miguu, shona upande mmoja, jaza mchanga mkavu robo tatu, shona na upande wa pili. Ya kwangu fundi cherehani wa pale sokoni Kilombero alinishonea huku ananicheka, na mpaka leo ninayo. Mbao ya mbele, ile unayoishika kwa mkono, ndo ilale kwenye mfuko. Mtutu wenyewe usiguse kitu, ukiulaza kwenye mfuko unaruka tofauti na risasi inapanda juu.

Anza yadi 25, kama mita 23. Piga tatu, lenga palepale katikati kila mara hata kama unaona tundu limeenda kando. Hapa ndo vijana wanaharibu, anapiga moja, anaona imeenda kushoto, anazungusha vitufe vya skopu, anapiga nyingine imeenda kulia, anazungusha tena, pakiti inaisha hajui chochote. Tundu moja halikuambii kitu. Matatu yakikaa pamoja, hata kama yako pembeni kabisa, bunduki imesema na sasa unaweza kuijibu. Yakitawanyika, usiguse skopu, badilisha aina ya slagi au angalia ulivyokaa.

Ukishapata kundi la matundu, pima kutoka katikati ya kundi mpaka ulipolenga. Skopu nyingi kliki moja ya kitufe, ule mlio mmoja ukizungusha, inasogeza robo inchi kwa yadi 100, kwahiyo kwa yadi 50 inchi moja ni kliki 8, kwa yadi 25 inchi moja ni kliki 16. Mpwa wangu kundi lake la yadi 50 lilikuwa inchi 3 kushoto na inchi 4 chini, basi kulia 24, juu 32. Mshale kwenye skopu unaonyesha upande risasi itakakoenda. Kama huna skopu, kilengeo cha nyuma unakisogeza kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Na kama una kishanga kimoja tu pale mbele, jicho lako ndo kilengeo cha nyuma, shavu likae palepale kwenye kitako kila siku, ukiinua kichwa kidogo tu slagi inapanda.

25 ikikubali nenda 50 na hapo ndo umalizie. Mtutu laini mimi namalizia 50, basi. Slagi ya kawaida ukiiweka sawa 50, ikifika 100 imeshashuka zaidi ya sentimita 10, na eneo la moyo na mapafu la kulungu ni kama sentimita 20 kwa upana, piga hesabu mwenyewe kama inafaa kubahatisha. Mwenye mtutu wa mifereji na slagi za gamba anaweza kuweka sawa mpaka 100, ila apige kweli kwa 100, asisome kwenye pakiti tu. Pumzisha mtutu upoe kati ya makundi, porini risasi ya kwanza inatoka kwenye mtutu wa baridi na hiyo ndo unayoitaka.

Alafu bega. Slagi inapiga teke, aisee, ukizidisha 15 kwa siku unaanza kufumba macho kabla hata hujavuta. Ukitaka kujua kama umefika huko mpe mwenzako akupakilie, mara risasi, mara ganda la mazoezi lisilolipuka, wewe usijue ipi. Ikitoka ya mazoezi na mtutu ukaruka wenyewe, ni wewe huyo, nenda nyumbani urudi Jumamosi. Mpwa wangu alibisha, wakafanya hivyo na jirani yake, akanitumia video, mtutu uliruka kama mbuzi, nikacheka mpaka mke wangu akaamka.

Kundi lake la mwisho la yadi 50, kwa slagi za kawaida na nati iliyokazwa, matundu matatu yalifunikwa na kiganja. Nikamwambia arudi dukani anunue pakiti nne za aina ileile, namba ya toleo ileile, achore mstari wa maka kwenye nati aione ikilegea, na ile skopu asiiguse tena.